MCHORAJI ALIYEAJIRIWA NA CHUO CHA KILIMO



Ukisikia kwamba chuo cha kilimo kimeajiri mtu, utadhani ni nani? Labda utadhani ni bwana shamba. Labda utadhani ni mganga wa mifugo, au fundi wa matrekta. Hutadhani kwamba ni mchoraji wa picha.

Lakini jambo hilo lilitokea. Lilitokea Marekani mwaka 1936. Nataka nikueleze habari zake, kwa sababu zina faida kwetu sisi wakulima.

MTOTO WA MKULIMA

Mchoraji huyo aliitwa John Steuart Curry. Alizaliwa mwaka 1897 katika jimbo la Kansas. Wazazi wake walikuwa wakulima. Tangu utotoni alifanya kazi za shamba. Alijua kulisha mifugo. Alijua pia hofu ya mkulima anapoona wingu jeusi linakuja.

Alipokua alijifunza kuchora. Mwaka 1926 alikwenda mpaka Paris, mji mkuu wa Ufaransa, akajifunza zaidi. Lakini aliporudi hakuchora majumba ya Paris. Alichora mambo ya kwao.

Mwaka 1928 alichora watu wa shamba wakibatizwa. Hawakubatizwa kanisani. Walibatizwa uani, ndani ya tangi la kunyweshea ng'ombe. Mwaka 1929 alichora kimbunga kikija. Katika picha hiyo baba anawaharakisha mke na watoto waingie katika shimo la kujificha. Watoto wamebeba wanyama wao ili nao wapone.

Watu wa mjini walizitazama picha hizo wakashangaa. Mambo ya shamba yalikuwa yameingia katika nyumba za picha za mjini.

WAKATI WA SHIDA

Miaka hiyo ya 1930 ilikuwa migumu kwa wakulima wa Marekani. Bei ya mazao ilianguka. Kisha ukaja ukame. Huko Kansas na majimbo ya jirani, ardhi ilikuwa imelimwa bila kukingwa. Upepo ukauchukua udongo wa juu kama vumbi. Watu wengi walihama.

Katika jimbo la Wisconsin shida ilikuwa ya maji. Kule kuna vilima vingi. Mvua ilikata makorongo katika mashamba. Mwaka 1933, katika bonde la Coon Valley, serikali na wakulima walianza kazi ya kuhifadhi udongo wa bonde zima. Walilima kwa kukata mteremko, wala si kuufuata. Walipanda mazao na majani kwa mistari ya kupishana, ili maji yapungue mbio.

Mambo yalikuwa hivyo wakati Curry alipoajiriwa. Alikwenda katika jimbo hilo hilo la Wisconsin.

KAZI YAKE ILIKUWA NINI?

Katika mji wa Madison kuna Chuo Kikuu cha Wisconsin. Ndani yake kuna chuo cha kilimo. Mkuu wa chuo hicho wakati ule aliitwa Chris Christensen. Yeye alikuwa amejifunza habari za ushirika wa wakulima huko Denmark. Katika nchi ile zilikuwapo shule za watu wazima wa vijijini. Katika shule hizo mkulima hakufundishwa kilimo tu. Aliimba, alisoma historia ya nchi yake, na alizungumza na wenzake.

Shule hizo zina undugu na vyuo vyetu. Sweden iliiga mfano wa Denmark. Nasi Tanzania tulipoanzisha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi mwaka 1975, tulifuata mfano wa Sweden.

Basi Christensen aliona kwamba mbegu bora na mbolea havitoshi. Mkulima ni mtu mzima mwenye akili na macho. Akamwajiri Curry.

Curry hakupewa darasa la kufundisha kila siku. Alijengewa chumba cha kuchorea, akapewa mshahara. Kazi yake ilikuwa kukaa pale na kuchora. Alikwenda pia vijijini kuzungumza na watu. Mtu yeyote aliyependa kuchora aliweza kumwonyesha kazi yake na kupata shauri.

Watu wakajitokeza. Walikuwa wakulima, akina mama wa nyumbani na vijana. Wengi hawakuwahi kufundishwa kuchora. Walikuwa wakichora usiku baada ya kukamua ng'ombe, au wakati wa baridi kazi za shamba zinapopungua. Wengine walikuwa wakizificha picha zao, wakidhani watachekwa.

Curry hakuwacheka. Aliwahimiza wachore mambo wanayoyajua: ghala lao, ng'ombe wao, kilima kilicho nyuma ya nyumba. Mwaka 1940 yalifanyika maonyesho ya kwanza ya picha za watu wa vijijini wa Wisconsin. Mwalimu mmoja wa chuo hicho, John Barton, aliandika kitabu juu ya wachoraji hao. Kitabu hicho kilitoka mwaka 1948.

PICHA MBILI

Curry mwenyewe alichora picha nyingi huko Wisconsin. Nitakueleza mbili.

Ya kwanza ni picha ya nchi yenyewe. Aliichora mwaka 1938 na 1939. Ni picha kubwa, upana wake unapita mita 2. Inaonyesha mashamba, vilima vya mbali, na vivuli vya mawingu vikipita juu ya ardhi. Picha hiyo sasa iko katika jumba kubwa la makumbusho la mji wa New York.

Ya pili aliichora ukutani, ndani ya chuo, akaimaliza mwaka 1943. Inahusu chakula na afya. Wataalamu wa chuo hicho walikuwa wamegundua mambo makubwa juu ya vitamini, yaani vile viini vya chakula vinavyolinda mwili. Upande mmoja Curry alichora watu na wanyama waliodhoofika kwa kukosa viini hivyo. Upande mwingine alichora watu na wanyama wenye afya. Hata asiyejua kusoma aliweza kuielewa.

HAWAKUPENDEZWA WOTE

Usidhani kwamba mchoraji huyu alisifiwa kila mahali. Mwaka 1937 jimbo lake la Kansas lilimwita achore picha kubwa katika kuta za jumba la serikali. Alichora historia ya Kansas pamoja na vita na vimbunga vyake. Watu wengi walikasirika. Walisema anawaaibisha kwa kuonyesha mabaya. Wengine walisema hata mikia ya nguruwe haikuchorwa kama ilivyo kweli.

Curry alitaka kuendelea kuchora mahali pengine katika jumba hilo. Wakubwa wakakataa kuondoa mawe yaliyofunika kuta. Akaiacha kazi bila kuimaliza. Hakutia hata jina lake. Alikufa mwaka 1946, akiwa na umri wa miaka 48. Mwaka 1992 bunge la Kansas liliomba radhi kwa mambo aliyotendewa. Alikuwa amekwisha kufa miaka 46.

Kazi yake ya Wisconsin haikufa naye. Mwaka 1948 chuo kilimwajiri mchoraji mwingine, Aaron Bohrod. Na maonyesho ya picha za watu wa vijijini yaliendelea kwa miaka mingi.

FAIDA KWETU NI NINI?

Labda unauliza, "Bwana shamba, picha italiwa?" Swali lako ni zuri. Picha hailiwi. Lakini mtu akitaka kuchora kitu, ni lazima akitazame sana. Na mkulima anayelitazama shamba lake sana hulijua.

Jambo hili nililiona mwenyewe. Katika kijiji kimoja nilikwenda kusaidia kuzuia mmomonyoko. Niliona korongo, nikataka makinga maji yachimbwe karibu nalo. Kabla ya kuanza, tulikubaliana kuchora kijiji juu ya ardhi. Tulitumia majivu, vijiti na magunzi. Mama mmoja mzee alichukua majivu akachora mstari mrefu. Ulianza juu sana kilimani, katika njia ya zamani ya ng'ombe.

Akasema, "Bwana shamba, wewe unakuja kiangazi. Maji huyaoni. Mimi nayaona kila mwaka. Yanaanzia hapa."

Nilipanda kilimani nikatazama. Mama alisema kweli. Tungechimba pale nilipotaka mimi, tungepoteza nguvu zetu bure. Tulianza juu. Masika yalipokuja, udongo mwingi ulibaki mashambani.

Mama yule hakuwa amekwenda shule. Lakini picha ya nchi yake alikuwa nayo kichwani miaka yote. Hakuna mtu aliyekuwa amemwomba aichore.

JARIBUNI NINYI WENYEWE

Hamhitaji rangi wala brashi. Fanyeni hivi:

1. Kutaneni mahali pakavu penye nafasi. Waje wazee, vijana, wanaume na wanawake.

2. Choreni mto, barabara na vilima kwa majivu au kijiti. Kisha wekeni nyumba, visima na mashamba. Mawe au mahindi yanafaa.

3. Onyesheni maji ya mvua yanakotoka na yanakokwenda. Onyesheni pia miti ilipokatwa.

4. Kila mtu apewe nafasi. Asiyezoea kusema katika mkutano apewe kijiti achore.

5. Asiwepo wa kumcheka mwenzake. Mkia wa nguruwe ukikosewa, urekebisheni pamoja.

6. Mkimaliza, kijana mmoja ainakili picha hiyo kwenye karatasi. Itunzeni katika ofisi ya kijiji. Mwakani itazameni tena, mwone nini kimebadilika.

Na kama kijijini kwenu yupo kijana anayechora kwa mkaa ukutani, msimfukuze. Mpeni karatasi. Mwambieni achore bonde lenu lilivyo leo. Watoto wake watataka kujua lilikuwaje.