Unanunua Siti Tu, Zingine Jipange

Manze, ile bei ya tiketi unaonanga kwa simu usiku, ile inakufanya uamke ukae wima kitandani, si uongo. Ni ya ukweli, lakini ni ya siti pekee. Ka ushawahi kupanda basi ya usiku ya kuenda Mombasa unajua hii form: fea ni ya siti, chai na mandazi utajinunulia ikisimama Mtito Andei. Sasa kwa ndege hakuna Mtito. Mlango ikishafungwa, kile utamanga ni kile wamebeba wao, kwa bei yenye wamepanga wao.

Mi nazitetea hizi ndege za bei chini. Kuna wasee huzidharau, ati ni za watu wamesota. Wacha wadharau. Mresh wa Kayole anauza viatu Gikomba hangekaa chini kupiga hesabu ya kuenda Asia ka si bei kushuka, na siku hizi anaipiga, na wakati mwingine inakubali. Hiyo ni kitu kubwa sana kwa mtu amekua akiona ndege zikipita juu ya mabati tu.

Novemba 15, 2024 ndio AirAsia X ya Malaysia ilianza kutua JKIA, Nairobi hadi Kuala Lumpur bila kusimama. Hiyo ni zaidi ya kilomita 7,000, masaa kama kumi hewani. Kabla ya hapo msee wa kuenda huko alikuwa anazungukia Dubai, Doha ama Addis. Ndege walileta ni Airbus A330, na hapa ndio unafaa kucheki vizuri. Kampuni nyingi zenye hutumia hiyo ndege hupanga siti za nyuma mbili, nne, mbili: watu wanane kila laini. AirAsia X hupanga tatu, tatu, tatu: watu tisa. Msee mmoja ameongezwa kila laini, kutoka mbele hadi choo za nyuma. Upana wa ndege haujabadilika, so hiyo nafasi yake imekatwa kwa mabega zenu nyinyi wengine. Bei yako ya chini imetoka hapo, si kwa roho safi ya mtu.

Ndio maana nasema hivi: ka kuna kitu moja utaongezea doo, ongezea siti ya kando ya njia. Usilipie ya dirisha. Usiku juu ya bahari hakuna kitu utaona, na ukitaka kuenda choo utaamsha watu wawili wamelala midomo wazi. Siti ya kati ni noma. Mkono yako haina pa kukaa, na kila mtu akigeuka unajua.

Begi ya juu mara nyingi ni kilo 7, na huwa wanapima. Pima yako mtaani, hata kwa mizani ya muuza nyanya. Ukijua utazidi, nunua kilo mapema kwa apu, juu ukifika kaunta bei inaruka vibaya. Vaa hudi, vaa soksi, beba marvin, juu AC ya saa tisa usiku haina huruma na blanketi ni ya kununua. Pawabenki ikae kwa begi ya mkono, isiende kwa begi ya chini hata siku moja: hizo betri zikishika moto chini kwa mizigo hakuna mtu wa kuzifikia. Dishi kwenu kabla utoke, juu kampuni mingi za hivi hazitaki chakula ya nje. Ka unajua njaa itakushika, agiza mapema kwa apu, inakuwanga cheap kuliko ya pale juu.

Halafu karatasi. Ukitoka Kenya kuenda Malaysia lazima ukuwe na ile kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na ile fomu yao ya kuingia unajaza kwa intaneti ndani ya siku tatu kabla ufike. Fomu ni ya bure. Ukipata mtu anakuitisha chapaa ndio akujazie, huyo anakukula.

Sasa ile stori yenye wasee hawapendi kusikia. Ndege za bei chini za masafa marefu hufa. Freddie Laker alianzisha Skytrain Septemba 26, 1977, London Gatwick hadi New York kwa pauni 59 ya kuenda. Watu walikuwa wanapanga laini siku hiyo hiyo, na chakula unajilipia. Februari 1982 kampuni ikaanguka. Kampuni ya Norwegian wakaanza kuvuka Atlantiki 2013, Januari 2021 wakafunga masafa marefu yote. Hao AirAsia X wenyewe waliwahi kufungua London 2009, kufika 2012 wakatoka.

Sababu si siri. Ndege ndogo ya Nairobi na Mombasa inaenda na kurudi mara kadhaa kwa siku, kila safari inaingiza kitu. Ya masaa kumi ikienda na kurudi siku imeisha, mafuta imekula sehemu kubwa ya pesa, na rubani na wahudumu lazima walale hoteli huko. Hizo kampuni kubwa zinasaidiwa na mabazu wa siti za mbele wenye wanalipa mara nyingi yako, na mizigo kule chini. Hii yako inategemea wewe na hao wanane wa laini yako. Mafuta ikipanda ama siti zikibaki wazi, njia inakatwa, na wewe unapata meseji tu.

Kwa hivyo kabla ulipe, hakikisha hiyo njia bado inafanya kazi. Na usijenge safari yako yote juu ya tiketi mbili hazijuani. Hii naiambia sana wasee wa Kamukunji na Nyamakima wenye hupitia Kuala Lumpur kuenda Guangzhou kuchukua mali. Ukinunua safari zote mbili kwa tiketi moja, ya kwanza ikichelewa wanafaa kukupangia ingine. Ukizinunua kando kando, ya pili haikujui. Utapita uhamiaji, utangoja begi yako itoke, utaanza upya kaunta, na ka mlango imefungwa ni kununua tiketi mpya kwa bei ya siku hiyo.

Ka lazima uzikate mbili, weka usiku mzima katikati. Kitanda ya hosteli Kuala Lumpur haiwezi fika bei ya hiyo tiketi mpya. Oga, lala, halafu toka utafute nasi lemak ya barabarani: wali wa nazi, pilipili ya kupondwa, njugu, yai na tusamaki tudogo tumekaangwa tukakauka. Mtu wa Pwani ataimanga bila kuuliza ni nini. Asubuhi rudi Terminal 2 ya airport yao mapema, ukiwa na masaa ya kutosha ya kusimama kwa laini.