Kuachia Viwili ili Kupata Vitano: Mbinu ya Mchezo wa Nukta na Vyumba

1. Utangulizi

Miongoni mwa michezo isiyohitaji chochote ila kalamu na karatasi, mchezo wa nukta na vyumba una jambo la pekee: sheria zake hueleweka kwa dakika chache, lakini walio wengi huucheza miaka mingi bila kujua kwa nini hushinda au hushindwa. Mwanahisabati Mfaransa Édouard Lucas (1842-1891) aliueleza kwa maandishi mwaka 1889, akauita pipopipette. Baadaye Mmarekani Elwyn Berlekamp (1940-2019), profesa wa Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley, aliuchambua kwa kina, na mwaka 2000 akautolea kitabu kizima. Makala hii yakusudia kueleza kiini cha mbinu hiyo, nacho ni hiki: mshindi si yule anyakuaye kila apatacho, bali yule ajuaye wakati wa kuacha.

2. Sheria za mchezo

Huchorwa nukta katika safu zilizo sawa. Mfano utakaotumika hapa ni wa safu nne zenye nukta nne nne, yaani nukta 16. Kati yake hupatikana nafasi za mistari 24, na mistari hiyo hufanya vyumba 9. Wachezaji wawili hupokezana zamu, kila mmoja akichora mstari mmoja, wa wima au wa mlalo, kati ya nukta mbili jirani. Kila mstari ni ukuta. Anayechora ukuta wa nne wa chumba hukitwaa, hutia alama yake ndani, kisha hulazimika kuchora tena. Mistari ikiisha, mwenye vyumba vingi ndiye mshindi.

3. Milolongo

Mwanzoni kila mchezaji huepuka kuchora ukuta wa tatu wa chumba chochote, maana mwenzake atachora wa nne. Lakini hufika wakati ambapo kuta za salama zimekwisha. Vyumba vilivyosalia huwa na kuta mbili mbili, navyo vimefuatana kama ujia wenye milango miwili, mmoja kila upande. Ujia huo ndio mlolongo. Ukuta mmoja ukiongezwa, mlolongo umefunguka, na vyumba vyake vyote vyaweza kutwaliwa kimoja baada ya kingine.

Na ichukuliwe kwamba mistari 13 imekwisha chorwa, wala hapana chumba kilichofungwa. Vyumba vinne vya pembe ya juu kushoto vimekuwa mlolongo mmoja. Vitano vilivyobaki, vya upande wa kulia na wa chini, vimekuwa mlolongo wa pili. Mstari wa 14 ni wa mchezaji wa pili, naye hana budi kufungua mmojawapo. Afungua ule wa vyumba vinne.

4. Pupa na subira

Mchezaji wa kwanza akiwa na pupa, atatwaa vyote vinne. Hata hivyo, baada ya kufunga cha nne atalazimika kuchora tena, na palipobaki ni mlolongo wa vitano tu. Ataufungua mwenyewe, mwenzake atautwaa wote, naye atashindwa kwa vyumba 4 dhidi ya 5.

Mjuzi hutenda vingine. Hutwaa viwili tu. Kisha, badala ya kufunga cha tatu, huchora ukuta kwenye mlango wa mwisho wa ujia. Hapo vyumba viwili vilivyobaki hupungukiwa na ukuta mmoja tu, ule ulio kati yao. Mchezaji wa pili huvifunga vyote viwili kwa mstari mmoja, lakini sheria humtaka achore tena, na hana pengine pa kuchora ila katika mlolongo wa vitano. Mjuzi huvitwaa vyote: 7 dhidi ya 2. Hata mwenzake akikataa zawadi ile, hali yake haitengenei, kwa kuwa lazima achore mahali. Ataufungua mlolongo wa vitano na kupoteza vile viwili pia.

5. Hesabu ya zamu

Mbinu hii yahitaji mlolongo mrefu, yaani wenye vyumba vitatu au zaidi. Ule wa viwili waweza kufunguliwa kwa ukuta wa katikati, na hapo anayetwaa hapati njia ya kuachia. Milolongo inayojizunguka, isiyo na mlango, hudai kuachiwa vyumba vinne.

Ni nani basi atakayelazimika kufungua mlolongo mrefu wa kwanza? Idadi ya zamu zote za mchezo ni sawa na idadi ya nukta, pamoja na idadi ya mara ambazo mstari mmoja umefunga vyumba viwili. Kwa kawaida jambo hilo hutokea mara moja katika kila mlolongo mrefu, isipokuwa ule wa mwisho, ambao hutwaliwa wote. Kutokana na hayo hupatikana kanuni: jumla ya nukta na milolongo mirefu ikigawanyika kwa mbili, kwa kawaida hufaidi mchezaji wa kwanza, isipogawanyika, hufaidi wa pili. Katika mfano uliotolewa, 16 na 2 ni 18. Kwa hiyo mchezo huamuliwa mapema, wakati kila mmoja ajitahidipo kuunganisha au kukata milolongo ili idadi yake imwelekee. Yafaa hata kutoa chumba kimoja au viwili mapema, ikiwa kutoa huko kwageuza idadi hiyo.

6. Hitimisho

Wahenga walisema: mtaka yote kwa pupa hukosa yote. Mchezo huu waithibitisha methali hiyo kwa hesabu, na wakati huohuo waiwekea mpaka. Anayeachia bila kuhesabu hupoteza sawasawa na mwenye pupa. Na katika mlolongo wa mwisho, ambapo hakuna tena cha kungojea, kuachia hata chumba kimoja ni hasara. Subira ina thamani maadamu mwenye kusubiri ajua kinachomngoja mbele.