Mtafiti Chipukizi wa Bahari Katika Kongamano la WIOMSA

Kongamano la kisayansi la WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari wa ukanda wa Magharibi mwa Bahari ya Hindi, kwa kawaida hufanyika kila baada ya miaka miwili. Chama kilianzishwa mwaka 1993 na makao yake yako Zanzibar. Mwaka 2017 kongamano lilikuwa Dar es Salaam, 2019 Mauritius, 2022 Gqeberha nchini Afrika Kusini baada ya kuahirishwa kwa sababu ya UVIKO-19, na 2025 Mombasa. Kwa anayeandika tasnifu kuhusu mikoko, matumbawe, mwani au uvuvi wa pwani, mara nyingi huu ndio mkutano wa kwanza wa kimataifa anaoweza kuumudu. Pia ni mahali ambapo hahitaji kumweleza mtu pepo za kusi na kaskazi ni nini.

Kazi ya kongamano huanza miezi mingi kabla ya safari, katika ikisiri. Haya ni maelezo mafupi, kwa kawaida yasiyozidi maneno 300 hivi, ambayo kamati huyasoma ili kuamua nani azungumze jukwaani na nani aweke bango. Kosa linaloangusha ikisiri nyingi za watafiti chipukizi ni kumaliza kwa kusema kwamba matokeo yatajadiliwa. Kamati haina la kupima hapo. Ikisiri yenye nguvu hutaja swali moja, mahali, muda wa kukusanya takwimu, na angalau namba moja ya matokeo, hata kama ni ya awali.

Nauli, malazi na ada ya usajili ndiyo mlima wa pili. WIOMSA ina ruzuku ndogo ziitwazo MARG, na sehemu yake moja hugharimia safari za kwenda kwenye mikutano. Mikutano ya Ulaya na Marekani huongeza kikwazo cha viza, ambayo yaweza kuchukua miezi, hivyo barua ya mwaliko huombwa mara tu ikisiri inapokubaliwa. Tahadhari moja inastahili kusemwa hapa. Barua pepe zinazomsifu mtafiti asiyejulikana na kumwalika awe mzungumzaji mkuu kwa malipo huwa mara nyingi ni za wafanyabiashara, si za wanasayansi. Mkutano wa kweli una kamati yenye watu wanaofahamika na historia inayoweza kufuatiliwa.

Wengi wanaopewa nafasi ya bango huona wamenyimwa. Hilo si sahihi. Anayezungumza jukwaani hupata takriban dakika 12 na maswali mawili au matatu, kisha kengele inalia. Aliye mbele ya bango aweza kukaa saa nzima na mtu mmoja aliyeifanya kazi hiyohiyo kwa miaka 20. Bango la ukubwa wa A0, yaani sentimita 84 kwa 119, linapaswa kusomeka kwa aliyesimama hatua mbili mbali: kichwa kinachotamka matokeo, grafu mbili au tatu, maneno machache. Likichapwa kwenye kitambaa hukunjwa na kuingia mkobani.

Mfano wa pweza unaonyesha faida ya mazungumzo hayo. Tuseme mtafiti amepima mavuno ya pweza kwa kilo kwa mvuvi kwa siku, na grafu yake inaonyesha mavuno yakishuka. Mzoefu atauliza: siku zipi? Wavuvi wa miguu, wengi wao wanawake, hutembea juu ya mwamba wakati wa bamvua maji yanapokupwa sana. Siku za maji mafu muda wa kuvua ni mfupi na sehemu kubwa ya mwamba haifikiki. Kama sampuli za mwaka wa pili zilichukuliwa zaidi siku za maji mafu, kushuka huko kwaweza kuwa ni kwa bahari tu, si kwa pweza. Dawa yake ni kuhesabu kilo kwa saa ya uvuvi na kuandika hali ya maji kila siku. Swali hilo likiulizwa mbele ya bango, kazi huokolewa. Likiulizwa na mhakiki wa jarida, makala hurudishwa.

Katika kongamano hilohilo mtafiti aweza kukutana na watu wa Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagascar, ambako mwaka 2004 wanakijiji walianza kufunga uvuvi wa pweza katika sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa. Pweza hukua haraka na huishi takriban mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, ndiyo maana kufunga kwa muda mfupi huleta mavuno yanayoonekana. Mtindo huo umefika visiwa vya Rodrigues na Pemba, na umebebwa kwa sehemu kubwa na watu kutembeleana na kuzungumza.

Lugha ya jukwaa kwa kawaida ni Kiingereza, wakati ukumbini wamo pia wanaofikiri kwa Kifaransa, Kireno, Kimalagasi na Kiswahili. Kusema polepole, kwa sentensi fupi, kunawasaidia wote. Asiyejua jibu husema hivyo na kuomba anwani ya muulizaji.

Baada ya kurudi, barua kwa waliokutana hutumwa ndani ya siku chache, ikitaja jambo lililozungumzwa. Maswali yaliyoulizwa huandikwa yakiwa bado mabichi, kwa kuwa ndiyo mpango wa marekebisho ya makala. Western Indian Ocean Journal of Marine Science, jarida la WIOMSA lililoanza mwaka 2002, ni mlango wa karibu kwa takwimu za ukanda huu. Grafu zilezile, kwa Kiswahili na bila vifupisho, hupelekwa pia kwa kamati ya wavuvi wa kijiji zilikotoka takwimu, na hufaa zifike kabla kamati haijapanga miezi ya kufunga mwamba.