Je, Wajua? Kahawa ya Ethiopia ina duru tatu

Katika nyumba nyingi za Ethiopia, kahawa haina haraka. Mwandaaji, kwa kawaida mwanamke, hutandaza majani mabichi sakafuni, hufukiza ubani, kisha huosha buni na kuzikaanga juu ya makaa mbele ya wageni. Zikishang'aa kwa mafuta, huwapitishia kikaango, na kila mmoja huuvuta moshi puani kwa kiganja. Mimi naona utamu wenyewe huanzia hapo, kabla hata ya kuonja. Buni hutwangwa, huchemshwa katika jebena, birika la udongo lenye shingo nyembamba, na kahawa humiminwa kutoka juu katika vikombe vidogo visivyo na mkono. Bisi huwa pembeni.

Duru ya kwanza huitwa abol, nayo ndiyo kali zaidi. Mashapo yaleyale huongezwa maji: ya pili ni tona, ya tatu ni bereka, yaani baraka ileile tuijuayo Waswahili. Kuondoka kabla ya bereka si adabu.

Na ukialikwa saa tatu asubuhi, fika saa tatu hiyohiyo uliyoizoea: Waethiopia nao huhesabu saa kuanzia macheo.