Tufaha: Tunda Linalonyimwa Pumzi

Je, wajua kwamba tufaha la Afrika Kusini linalong'aa kwenye meza ya mchuuzi wa Kariakoo mwezi Desemba lina miezi sita au zaidi tangu lichumwe? Mashamba ya Grabouw na Ceres, katika jimbo la Rasi ya Magharibi, huvuna kuanzia mwishoni mwa Januari hadi mwezi wa tano hivi. Baada ya hapo miti haina kitu, ila meza za wachuuzi hazikosi mzigo mwaka mzima.

Tunda likishachumwa halifi. Linaendelea kupumua: linavuta oksijeni, linatoa kabonidioksidi na kula sukari yake lenyewe. Vilevile linatoa gesi ya ethilini, ambayo ndiyo inayoliivisha, na kadiri linavyoiva ndivyo inavyozidi kutoka. Liache mezani kwenye joto letu la pwani, na baada ya muda litakuwa laini, la ungaunga, halina utamu wa kulitafutia.

Dawa yake ni kulinyima pumzi. Matufaha huingizwa kwenye chumba kisichopitisha hewa, baridi ikiwa karibu na nyuzi 0 za Selsiasi, kisha oksijeni hupunguzwa kutoka asilimia 21 ya hewa ya kawaida hadi asilimia 1 au 2. Tunda halifi, lakini halizeeki upesi. Binadamu akiingia humo bila mtungi wa hewa huzirai mara moja na kufa, ndiyo maana milango hufungwa kwa kufuli na kubandikwa alama za hatari. Walioweka msingi wa ujuzi huu ni Waingereza wawili wa Cambridge, Franklin Kidd na Cyril West, na mwaka 1929 ghala la kwanza la biashara la namna hiyo lilianza kazi huko Kent. Katika miaka ya 1990, watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina waliongeza silaha nyingine: gesi inayokalia zile sehemu za tunda zinazopokea ethilini, hata tunda lisijue kwamba wakati wa kuiva umefika.

Yote hayo ni bure kama tunda lilichumwa siku siyo. Likichumwa changa halitapata ladha kamwe. Likichumwa limeiva sana, halitadumu ghalani. Kwa hiyo mkulima hulikata tufaha katikati kwa upana na kulipaka ayodini, ileile tuliyoidondoshea kiazi darasani. Wanga hugeuka bluu iliyokolea hadi kukaribia weusi. Palipokwisha kuwa sukari hapabadiliki. Kadiri tunda linavyoiva, weupe huanzia kwenye kokwa na kutanuka kuelekea ganda. Tunda la kwenda ghalani huvunwa weusi ungali mwingi, la kuuzwa wiki hiyohiyo husubiri.

Mashine bado haijamshinda mchumaji. Hulikamata tufaha kwa kiganja, akalinyanyua na kulizungusha kidogo mpaka likaachia lenyewe pamoja na kikonyo chake. Akilivuta kwa nguvu huvunja kitawi kitakachozaa mwakani, na akilibana kwa vidole, alama itaonekana dukani.

Mbegu ya tufaha haizai tunda linalofanana na mama yake. Ili kupata aina ileile ni lazima kubebesha, yaani kuunga kijiti cha mti unaoutaka kwenye mche wenye mizizi. Hivyo kila Red Delicious duniani, lile jekundu lenye vinundu vitano kitakoni, limetokana na mti mmoja ulioota wenyewe shambani kwa Jesse Hiatt, karibu na Peru, Iowa, katika karne ya 19. Kwa miaka mingi wakulima wa Marekani walichagua matawi yenye matunda mekundu zaidi, kwa kuwa wekundu ndio uliouza. Ladha ikapotea njiani. Kwa maoni yangu ndilo tufaha zuri kuliko yote kwa macho na baya kuliko yote kwa meno, na Wamarekani wenyewe wamelichoka: mwaka 2018 aina ya Gala ililipiku kwa wingi wa mavuno.

Kulima tufaha kwetu, tatizo ni uhaba wa baridi. Aina nyingi huhitaji mamia ya saa za baridi ndipo zichanue vizuri. Kabale, Uganda, wakulima hupanda Anna, iliyozalishwa Israeli, na Golden Dorsett ya Bahamas, ambazo hazidai baridi kali, kisha hupukutisha majani kwa mkono ili mti uchanue.

Ukifika nyumbani na matufaha yako, yaweke kwenye friji, mbali na mboga za majani, maana ethilini huzigeuza njano upesi. Ila kama una parachichi gumu na wageni wanakuja keshokutwa, lifunge kwenye mfuko wa karatasi pamoja na tufaha moja. Litawahi.