Mahali pa Kuiweka Kompyuta ya Injini katika Gari la Zamani

Gari la zamani lililoundwa na kabureta laweza kuvishwa mfumo wa kunyunyiza petroli, ambamo kiasi cha mafuta na wakati wa cheche huamuliwa na kompyuta ndogo. Wenye magari hushughulika mno na uchaguzi wa nozeli na pampu, na kompyuta yenyewe huishia kufungwa popote palipobaki nafasi. Hali hiyo ni ya hatari. Kompyuta ikikatika kwa sekunde mbili tu, injini huzimika, pengine wakati dereva analipita lori.

Wazo la kuipa elektroniki kazi hii si geni. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilitoa mfumo wake wa D-Jetronic mwaka 1967, ukafungwa katika Volkswagen 1600. Na mwaka 1979 mfumo wa Motronic, uliounganisha unyunyizaji na cheche, uliingia katika BMW 732i. Magari mengi ya leo huwa na kompyuta chini ya boneti, na fundi aonaye hivyo hudhani kuwa naye aweza kufanya vivyo hivyo. Hoja hiyo haisimami. Kompyuta hizo zilizibwa tangu kiwandani zisipitishe maji, na vipuri vyake vilichaguliwa vihimili joto la nyuzi 105 au hata 125 za Sentigredi. Nyingi katika zile zinazouzwa kwa ajili ya magari ya zamani hukusudiwa kukaa ndani ya gari, na kikomo chake ni nyuzi 85.

Joto halihitaji kufika kikomo ili lidhuru. Kapasita zenye maji ya kemikali ndani yake hupoteza takriban nusu ya maisha yake kwa kila ongezeko la nyuzi 10. Kwa sababu hiyo hata ndani ya gari yapasa kuchagua: juu ya dashibodi, chini ya kioo cha mbele, jua la mchana huunguza kuliko mtu adhaniavyo, ilhali nyuma ya dashibodi na chini ya kiti mna kivuli daima.

Tuchukue mfano wa Volkswagen Beetle, gari lililoshinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1962. Injini yake iko nyuma. Tangi la petroli liko mbele. Kuifunga kompyuta mbele, jirani na tangi, kwataka nyaya zipite karibu urefu wote wa gari, ambao huzidi mita 4 kidogo. Chini ya kiti cha nyuma pana nafasi iliyo karibu zaidi, lakini hapo ndipo ilipo betri, nayo hutoa mvuke wa asidi ulao shaba na lehemu. (Springi za kiti hicho zimewahi kugusa vichwa vya betri na kuwasha moto, kifuniko cha betri kisikose kamwe.) Panapofaa, kwa maoni ya mwandishi, ni sehemu ya mizigo nyuma ya kiti, kompyuta ikifungwa kwenye ubavu wa gari wala si kwenye bati linalopakana na injini, maana bati hilo hupata moto.

Urefu wa waya si jambo dogo. Waya wa shaba wenye unene wa milimita 1.5 za mraba na urefu wa mita 4 una ukinzani wa kama omu 0.05. Mkondo wa ampea 8 ukirudi katika waya huo wa hasi, volti 0.4 hupotea njiani. Vihisi vingi husema na kompyuta kwa volti 0 hadi 5; basi kihisi kilichofungwa hasi yake kwenye injini kitasomwa kwa kosa la asilimia 8, na petroli itapimwa vibaya. Dawa yake ni kila kihisi kurudisha hasi yake kwenye kompyuta kwa waya wake pekee, na nyaya za mkondo mkubwa zikutane mahali pamoja kwenye bloku ya injini.

Nyaya za plagi nazo hubeba makumi ya maelfu ya volti. Waya wa kihisi cha mzunguko, ambao injini inapowashwa huenda ukabeba chini ya volti moja, usilazwe sambamba nazo. Ukilazimika kuzikatiza, uzikatize kwa pembe mraba.

Kabla ya yote yafaa kukagua umeme wa gari lenyewe. Beetle nyingi zilizoundwa kabla ya 1967 zina volti 6, na magari mengi ya Uingereza ya zama hizo yalifungwa chanya kwenye bodi. Yote mawili hurekebishwa kwanza.

Mwisho, kompyuta ikalie mipira ya kupunguza mtikisiko, ifungwe kwa matundu ambayo gari tayari linayo, na tundu lake la nyaya litazame chini. Nyaya zishuke kidogo chini ya tundu hilo kisha zipande, ili maji yatiririkayo juu yake yadondoke kabla ya kuingia. Ikiwa kompyuta ina kihisi cha shinikizo ndani yake, mpira utokao kwenye injini uwe mfupi na uteremkie injini, petroli iliyogeuka matone isikwame humo.