Kamera Ndogo Ubavuni mwa Ndege

Mashariki ya mji wa Bariadi, nyuma ya mashamba ya pamba na malisho ya ng'ombe, huanza nyika za Pori la Akiba la Maswa na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Mipaka hiyo imechorwa na wanadamu. Tembo na nyumbu hawaitambui. Basi wahifadhi wanaofanya kazi katika Mkoa wa Simiyu hawana budi kujiuliza kila mara: wanyama hao ni wangapi, nao wako wapi? Swali hili ni jepesi mpaka mtu ajaribu kulijibu.

Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, wataalamu kutoka Ujerumani, walijaribu mwaka 1958. Walihesabu kwa macho wakiwa ndani ya ndege ndogo iliyopakwa milia kama ya punda milia, wakapata nyumbu 99,481. Tarehe 10 Januari 1959 Michael alikufa baada ya ndege hiyo kugongana na tumbusi. Hesabu ya mwaka 1961, iliyochukua eneo pana zaidi na kutumia picha zilizopigwa kutoka angani, ilitoa nyumbu zaidi ya 200,000. Sehemu ya tofauti hiyo yatokana na ukubwa wa eneo. Lakini pia ni kweli kwamba jicho la mtu huchoka, na likikutana na kundi kubwa hukisia. Picha yaweza kuhesabiwa upya mezani mara kumi.

Majaribio ya karibuni ya kufunga kamera zinazotazama upande katika ndege nyepesi, kwenye hifadhi za Murchison Falls nchini Uganda na Tsavo nchini Kenya, yalionyesha kwamba kamera huona wanyama wengi ambao watazamaji wa viti vya nyuma huwapita bila kuwaona, hasa walio wadogo kuliko tembo. Kamera hizo zilikuwa kubwa, zenye lenzi nzuri. Je, haiwezekani kutumia zile ndogo zinazotoshea kiganjani, ambazo wanamichezo huzifunga kwenye kofia na baiskeli?

Tuanze na mwendo. Ndege inayoruka kwa kilometa 180 kwa saa husafiri mita 50 kila sekunde. Kamera ikipokea mwanga kwa muda wa sehemu moja ya 50 ya sekunde, ndege huwa imekwisha sogea mita 1 nzima, na swala tomi, ambaye urefu wake ni kama huo, hupakazwa kwenye picha asitambulike. Muda ukipunguzwa hadi sehemu moja ya 1,000, msogeo huwa sentimeta 5 tu. Kamera ndogo huchagua muda huo yenyewe, na alfajiri mwanga ukiwa hafifu huchagua muda mrefu. Mpigaji asipoizuia, safari nzima huwa bure.

La pili ni mtetemo. Pangaboi lenye mapanga mawili, likizunguka mara 2,400 kwa dakika, hutoa mapigo 80 kila sekunde. Helikopta ndogo yenye mapanga mawili makubwa yazungukayo mara 400 kwa dakika hutoa mapigo 13 hivi kwa sekunde, nayo ni mazito zaidi. Mkono mrefu wa kushikilia kamera una mtetemo wake wa asili. Ukilingana na mapigo ya ndege, mkono huanza kucheza kama mtoto kwenye pembea anayesukumwa kwa wakati unaofaa. Dawa yake ni mkono mfupi na mgumu, pamoja na mpira laini chini ya kamera.

Tena kamera hizi kwa kawaida haziipokei picha yote kwa mara moja. Huisoma mstari baada ya mstari, kuanzia juu hadi chini. Usomaji ukichukua sehemu moja ya 50 ya sekunde, pangaboi tulilolitaja huwa limezunguka karibu mzunguko mzima, asilimia 80 yake. Ndiyo sababu katika filamu nyingi mapanga huonekana yamepinda kama ndizi. Mtetemo nao, kwa njia hiyo hiyo, huifanya ardhi ionekane kama uji unaotikisika.

Lenzi ndiyo kizuizi kikubwa kuliko vyote, kwa maoni yangu. Kamera hizi huona upana mwingi mno. Kutoka kimo cha mita 90, picha moja yaweza kubeba upana wa mita 300 za ardhi. Zikigawanywa katika nukta 4,000, kila nukta ni sentimeta 7 au 8. Swala mzima hupata nukta 13 hivi, na pembeni mwa picha hupata pungufu. Kwa tembo au zizi la ng'ombe zatosha. Kwa swala, hapana.

Lililobaki ni usalama, na hapa hakuna mzaha. Vikombe vya mpira vinavyonata kwenye chuma hushikiliwa na kanieneo ya hewa ya nje. Kikombe chenye kipenyo cha sentimeta 8 hushikwa usawa wa bahari kwa kani isiyozidi nyutoni 500. Katika nyanda za Simiyu, zilizo juu ya mita 1,000, kani hiyo hushuka hadi karibu 430, na kadiri ndege inavyopanda huzidi kupungua. Upepo nao hufanya kinyume: mwendo ukiongezeka maradufu, msukumo wake huongezeka mara nne. Kamera ikichomoka kwenye helikopta yaweza kurushwa hadi kwenye pangaboi la mkiani, na bila pangaboi hilo rubani hawezi kuzuia chombo kisizunguke. Kwa hiyo kamera hufungwa pia kwa kamba ya pili, na kifungo chochote cha nje ya ndege huhitaji kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga.

Kuruka chini na polepole kuna hatari nyingine. Tarehe 29 Januari 2016 rubani Mwingereza Roger Gower aliuawa katika Pori la Akiba la Maswa, helikopta yake ilipopigwa risasi kutoka chini na majangili waliokuwa wameua tembo. Huo ulikuwa wakati ambapo hesabu za serikali zilikuwa zimeonyesha tembo wa Tanzania wakishuka kutoka zaidi ya 109,000 mwaka 2009 hadi kama 43,000 mwaka 2014, na hesabu hizo zilitoka katika safari za ndege za aina hii.

Mwalimu asiye na ndege aweza kuonyesha sehemu ya mambo haya darasani. Aelekeze simu kwenye feni ya dari inayozunguka, apige picha kwanza penye mwanga mwingi kisha penye giza kidogo, na wanafunzi wapime katika kila picha panga limepakazwa kwa upana gani. Idadi ya mizunguko ya feni kwa dakika ikijulikana, wataweza kukokotoa muda ambao kamera ilipokea mwanga.